Bega la kikaragosi cha chuma linashuka usiku. Wakerezaji, tatizo liko wapi?

#1 Kereza_Tororo
Salaam wakuu. Natengeneza kikaragosi cha stopu mosheni (unakisogeza kidogo, unapiga picha moja, unakisogeza tena), bibi anayekaanga rolex, ile chapati ya kuviringisha na mayai, kando ya barabara, urefu sentimita 28. Mifupa yote ni ya chuma, nimeikereza nyumbani kwa mashine ndogo ya mezani ya fezi moja. Mabega, nyonga na shingo ni goroli za baiskeli zilizobanwa kati ya vibati viwili vya shaba ya njano, unene milimita 2, skrubu moja ya M3 (kipenyo milimita 3) katikati. Viwiko na magoti ni bawaba za kawaida.

Jioni nakaza bega la kulia, linashika vizuri, mkono umenyoosha kikaango na hautikisiki. Asubuhi nakuta mkono umeshuka. Kwenye ncha za vidole ni milimita tatu au nne hivi, lakini ukicheza picha, bibi anaonekana ameishiwa nguvu kati ya fremu mbili. Nikikaza zaidi kiungo kinakuwa kigumu kiasi kwamba nikisogeza mkono, kiuno nacho kinazunguka. Bega la kushoto limetoka kwenye bati lile lile, skrubu za pakiti ile ile, na halina neno. Nini hicho?

#2 Mtazamaji
Ngoja waje wataalamu. Sikujua Tororo kuna watu wanakereza mabibi.

#3 InjiniaBoda
Grisi. Goroli za baiskeli zinauzwa zikiwa zimepakwa mafuta zisishike kutu. Uliziosha na nini?

#4 FundiWaKatwe
Achana na grisi. Kibati cha milimita 2 cha shaba ya njano kinapinda. Ukikaza skrubu katikati, kibati kinakunjika pale kwenye skrubu na ncha zake zinanyanyuka, kwa hiyo unadhani unabana goroli kumbe unakunja bati. Weka chuma cha milimita 3 uje unishukuru. Hapa Katwe, Kampala, tunatengeneza vinu, mageti, mashine za popkoni, na kanuni ni hiyo hiyo: kitu kinachobana kisiwe laini kuliko kinachobanwa.

#5 Kereza_Tororo
@InjiniaBoda niliosha kwa mafuta ya taa.
@FundiWaKatwe vibati vina urefu wa milimita 22, upana 8. Nimevitazama kwa rula ukingoni, mwanga haupiti. Mkono wa kulia ndio unaobeba kikaango, wa kushoto umeshika kiuno.

#6 InjiniaBoda
Mafuta ya taa! Kaka, hayo yenyewe ni mafuta. Yanaondoa grisi na kuacha utando wake mwembamba. Goroli inateleza polepole usiku kucha kwa sababu inaogelea.

#7 Msasa
Petroli kwanza, halafu asetoni. Kama huna asetoni chukua dawa ya kuondoa rangi ya kucha, ile isiyo na mafuta ya kulainisha ngozi. Usiombe ruhusa kwa mwenye nayo, hutapewa.

#8 BibiWaKitaa
@Msasa sasa nimejua chupa yangu inakokwenda.

#9 Hesabu_Tu
Mmeanza kurushiana dawa kabla ya kupima mgonjwa. Kereza, mkono pamoja na kikaango una uzito gani, na kitovu cha uzito kiko mbali kiasi gani na bega?

#10 Kereza_Tororo
Mkono mzima na kikaango ni gramu 60 kwenye mizani ya dukani. Kikaango nimekikata kwenye bati la kopo. Nikiusawazisha juu ya kisu, katikati pake ni kama sentimita 6 kutoka begani.

#11 Hesabu_Tu
Sawa. Gramu 60 kwa sentimita 6 inatoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha bega, wa newtoni-mita 0.035. Goroli yako ni ya robo inchi?

#12 Kereza_Tororo
Ya gurudumu la nyuma, ndiyo. Milimita 6.

#13 MzeeWaReli
Robo inchi si milimita 6, mwanangu. Ni 6.35. Goroli za nyuma ni robo inchi, tisa kila upande. Za mbele ni inchi 3/16, yaani 4.76, kumi kila upande. Kama ulitoboa vibati ukiamini ni 6, hapo pana mazungumzo.

#14 Hesabu_Tu
Ahsante mzee. Nusu kipenyo ni 3.175. Gawanya msokoto kwa hiyo, unapata newtoni 11 za msuguano zinazohitajika juu ya ngozi ya goroli ili mkono usimame tu, kabla hata hujaugusa. Na skrubu yako moja inabana goroli mbili, ya bega na ya kifua, kwa hiyo nguvu yake inagawanyika. Mkono wa kushoto umekunjwa, uzito uko karibu na mwili, unahitaji hata nusu ya hapo usifike. Tofauti ya kulia na kushoto haina muujiza wowote: kikaango.

Dawa: goroli kubwa zaidi begani. Beringi ya 6204 ina goroli za inchi 5/16, yaani 7.94. Kwa ubanaji ule ule unapata asilimia 25 zaidi ya ushikaji, kwa sababu ya nusu kipenyo tu.

#15 FundiWaKatwe
Mwalimu, hesabu nzuri, lakini haijibu swali. Jamaa amesema jioni linashika. Kama uzito ungezidi msuguano lingeshuka mbele ya macho yake, si kungoja alale.

#16 Mtazamaji
😂 Mwalimu amepewa homuweki.

#17 Kipusa_wa_Arua
Mimi naona ni joto. Mchana chini ya mabati nyuzi thelathini na kitu, pamoja na taa zake za kupigia picha. Usiku baridi. Shaba inasinyaa kuliko chuma, ubanaji unapungua, mkono unashuka. Nina kikaragosi cha waya na udongo, huku Arua mchana udongo unalainika mpaka uso unabadilika.

#18 Hesabu_Tu
@Kipusa_wa_Arua wazo zuri, tulipime. Shaba ya njano inatanuka sehemu 19 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, chuma sehemu 12. Tofauti ni 7. Skrubu ya chuma inapita kwenye shaba ya jumla ya milimita 4. Ikipoa nyuzi 15: 4 mara 7 mara 15 gawanya kwa milioni. Ni milimita 0.0004. Unywele una kama 0.07.

#19 Kipusa_wa_Arua
Ndogo, lakini vibati vyenyewe vimejikunja kiasi gani hadi vishike? Si milimita nzima.

#20 Hesabu_Tu
Kwa unene ule labda 0.03. Kwa hiyo joto linaondoa kama asilimia moja na kidogo ya ubanaji.

#21 Kipusa_wa_Arua
Na kama alikaza hadi pale pale ukingoni, asilimia moja si ndiyo inayoangusha? @FundiWaKatwe swali lako la jioni na asubuhi hilo hapo.

#22 Hesabu_Tu
Siwezi kukataa. Ila siamini.

#23 Nnalongo_Cherehani
Wanaume mmeshika kalkuleta, hakuna aliyeuliza bibi amevaa nini.

#24 Kereza_Tororo
Nnalongo, amevaa gomesi, lile vazi la kina mama wa Uganda.

#25 Nnalongo_Cherehani
Basi. Gomesi la kitambaa gani, na mabega umeyasimamishaje?

#26 Kereza_Tororo
Satini. Mabega nimeweka karatasi ngumu ndani ili yachongoke. Ndani ana kikoyi, kimezungushwa kiunoni kumpa makalio, na mshipi juu yake.

#27 Nnalongo_Cherehani
Mimi nashona gomesi za watu wazima na nakuambia bega lile la kuchongoka linakaa juu kwa sababu binadamu ana nyama chini yake. Kikaragosi chako kina chuma chembamba. Karatasi inasukuma mkono chini kila ukiunyanyua, satini imevutwa kwapani. Kitambaa kina subira kuliko skrubu, kinavuta usiku kucha. Vifungo vya gomesi viko kushoto shingoni. Upande ule una upenyo unaofunguka, kwa hiyo mkono wa kushoto una nafasi ya kupumua. Wa kulia umeshonwa mzima. Mvue nguo usiku mmoja uone.

#28 AfandeStaafu
Mvue bibi wa watu nguo usiku? Uzi huu utafungwa.

#29 Nnalongo_Cherehani
Afande, kaa chini.

#30 MzeeWaReli
Sasa nisikilizeni kidogo, nimekaa kwenye karakana za reli tangu ujana mpaka kustaafu. Kitu chochote kilichokazwa kwa mara ya kwanza hulegea chenyewe ndani ya saa chache, bila kuguswa. Uso wa chuma ukiutazama kwa lenzi una vilima. Ukikaza, vilima hivyo ndivyo vinavyobeba mzigo, na usiku vinalala. Skrubu haijazunguka, lakini ubanaji umepungua. Ndiyo maana bolti za kichwa cha injini nyingi za zamani fundi hurudi kuzikaza baada ya gari kutembea. Skrubu fupi ndiyo inaathirika zaidi, kwa sababu haina mnyumbuko wa kumeza upungufu huo. Yako ina urefu gani? Milimita saba nane? Hiyo ni fupi.

Dawa yake ni kulaza ukingo wa tundu inapokaa goroli kabla ya kufunga. Chukua goroli ngumu, mpya, si ile uliyotoboa. Iweke kati ya vibati viwili kwenye matundu yake, tia yote kwenye jiliwa, bana taratibu mpaka ukingo wa tundu uchukue umbo la goroli. Ukifungua utaona mduara unaong'aa, upana wa uzi wa kushonea, umezunguka tundu sawasawa. Kama mduara umekatika upande mmoja, tundu lako limekaa mshazari. Halafu funga, kaza, acha ilale, kaza tena robo zamu, acha ilale tena.

#31 Msasa
Au tumia dawa ya kusagia valvu. Soko la Kiseka, Kampala, wanauza vikopo, upande mmoja kali upande mmoja laini. Unazungusha goroli ndani ya vibati mpaka vizoeane.

#32 MzeeWaReli
Hapana! Msasa, usimpoteze mtoto. Chembe za dawa ile zinazama kwenye kilicho laini, yaani shaba, na hazitoki hata ukiosha. Kuanzia hapo kila akisogeza mkono, shaba inasaga goroli.

#33 Msasa
Mzee, mbona vichaka vya shaba, vile vibomba vifupi vinavyoshika mhimili, tunavisagia kila siku?

#34 MzeeWaReli
Ndiyo maana mnabadilisha vichaka kila siku.

#35 InjiniaBoda
😂😂 Mzee hana huruma.

#36 Mwanza_Kwetu
Habari za huko jirani. Natokea Mwanza, nafuatilia. Hamjauliza jambo la msingi: goroli ya beringi ni ngumu kuliko biti ya kawaida, kwa kipimo cha ugumu cha Rokweli inafika 60 na zaidi. Kereza uliitoboaje ukaingiza kijiti cha kuiunga na mkono?

#37 Kereza_Tororo
Niliilainisha. Sigiri ya mkaa, feni ndogo chini, goroli ndani ya kikopo cha majivu. Zikawa nyekundu, nikaacha mkaa ufe wenyewe mpaka asubuhi. Kuishika nilikereza kichaka cha shaba chenye tundu la kipenyo cha goroli, nikakichana kwa msumeno upande mmoja. Goroli inaingia, taya za mashine zinabana kichaka, kichaka kinabana goroli bila kuikwaruza. Biti ya senta kwanza, halafu 2.5, nikakata uzi wa M3. Kijiti ni cha milimita 3, kimetiwa uzi, na tone la gundi ya skrubu.

#38 FundiWaKatwe
Hapo ndipo ulipo ugonjwa. Goroli iliyolainishwa si goroli tena. Ukibana kwenye ukingo wa tundu inaingia mtaro. Mkono ukikaa pozi moja usiku kucha, mtaro unazidi, ubanaji unapungua. Mimi silainishi kitu. Nalehemu kijiti kwenye goroli kwa fedha. Nasugua doa dogo kwa grainda, boraksi kidogo (unga wa kusaidia fedha ishike) kutoka kwa masonara, fimbo ya fedha, moto wa gesi. Dakika moja.

#39 MzeeWaReli
Na wewe Katwe, fedha ya kulehemia inayeyuka kuanzia nyuzi 620 na kuendelea. Ukiifikisha goroli pale umeshailainisha, labda si kwa kiwango cha sigiri, lakini ugumu wa 60 umeuaga. Mnatofautiana kidogo tu.

#40 FundiWaKatwe
Nalehemu upande mmoja, mzee, na nusu ya chini iko kwenye kitambaa chenye maji.

#41 MzeeWaReli
Goroli ya milimita sita ina upande wa pili wapi? Joto linaizunguka kabla hujapepesa.

#42 Msasa
Mimi natumia fimbo za mafundi wa friji, zinapatikana kila mahali na bei rahisi.

#43 FundiWaKatwe
Zile zina fosforasi. Kwa shaba na shaba ni sawa. Kwenye chuma, fosforasi na chuma vinafanya tabaka linalokatika, kinaweza kushika leo na kung'oka katikati ya picha. Kwa chuma tafuta fedha isiyo na fosforasi. Hapa nakubaliana hata na mzee.

#44 Mwanza_Kwetu
Kuna biti za kabaidi pia, ngumu kuliko chuma, zinatoboa goroli bila kulainisha. Mashine isitetemeke tu, kabaidi haipendi kutikiswa, inakatika.

#45 AfandeStaafu
Nauliza tu. Waya wa alumini umewakosea nini? Unasokota nyaya mbili, unapata mkono, kazi imeisha. Mimi nimewatengenezea wajukuu askari wazima kwa waya wa shilingi chache, nikawapiga picha kwa simu.

#46 Kipusa_wa_Arua
Afande, waya natumia mimi. Shida yake ni mbili. Ukiupinda unarudi nyuma kidogo, kwa hiyo huwezi kuuweka pale pale unapotaka. Na ukipinda sehemu moja mara nyingi unakatika ndani ya mwili, unaanza upasuaji. Sekunde moja ya picha ni fremu 24. Hata ukipiga kila pozi mara mbili ni pozi 12. Bibi akikaanga rolex moja kwa nusu dakika, hesabu mwenyewe kiwiko kimepinda mara ngapi.

#47 AfandeStaafu
Wajukuu hawajalalamika.

#48 Mtazamaji
Yule Mmarekani wa mifupa inayopigana kwa mapanga, Ray Harryhausen, alikuwa anakereza mwenyewe kila kitu nyumbani. Na hakuwa na mashine za kompyuta.

#49 Hesabu_Tu
Vikaragosi alibuni na kusogeza yeye, lakini mifupa mingi ya chuma alikerezewa na baba yake, Fred, aliyekuwa fundi wa mashine. Mama yake alikuwa akishona nguo.

#50 Nnalongo_Cherehani
Mnaona. Mshonaji alikuwepo.

#51 Kereza_Tororo
Wakuu nashukuru, nimepata kazi ya kutosha. Nitaosha kwa asetoni, nitamvua gomesi, nitabadilisha vibati vya kulia na kushoto. Swali dogo pembeni: shaba ya njano mnapata wapi? Yangu nilikata kwenye mabaki, imekwisha.

#52 InjiniaBoda
Koki za maji za zamani. Zinakerezeka vizuri sana kwa sababu zina risasi kidogo ndani, ganda linatoka fupi fupi.

#53 FundiWaKatwe
Za zamani ndiyo. Za siku hizi angalia, nyingi ni zinki iliyopakwa kromu juu. Ina uzito unaofanana, lakini ukiitia biti inakatika na ndani ni kijivu. Kwaruza kwa tupa kabla hujalipa.

#54 Mtazamaji
Si tuna mgodi wa Kilembe? Shaba yote ile ya Kasese.

#55 MzeeWaReli
Kilembe ni shaba nyekundu. Shaba ya njano ni hiyo nyekundu ikichanganywa na zinki. Reli ilifika Kasese 1956 kwa sababu ya mgodi huo, na tanuru la kuyeyushia lilikuwa hapa kwetu Jinja, karibu na umeme wa bwawa. Leo hupati hata kipande cha kukereza kidole.

#56 InjiniaBoda
Nimekumbuka kitu kuhusu kulia na kushoto. Pedali ya kushoto ya baiskeli ina uzi wa kinyume, kwa nini? Kwa sababu mzunguko wa mguu ungeifungua. Sasa kichwa cha skrubu ya Kereza kimekaa juu ya kibati cha mbele pande zote mbili. Mkono wa kulia ukisukumwa mbele na nyuma, kibati cha mbele kinasogea kidogo dhidi ya cha nyuma, na kinakokota kichwa cha skrubu. Upande mmoja kinafunga, upande mwingine kinafungua. Skrubu inajifungua kidogo kidogo kazini mchana, usiku unaona matokeo tu.

#57 Hesabu_Tu
Hii naipenda. Ila mkono unakwenda mbele na kurudi. Ukirudi si inafunga tena?

#58 InjiniaBoda
Ukiwa na mzigo unashuka kwa nguvu kuliko unavyopanda. Haifungi kiasi ilichofungua.

#59 Hesabu_Tu
Basi apake alama ya rangi ya kucha kwenye kichwa cha skrubu na kwenye kibati. Ikihama, umeshinda.

#60 BibiWaKitaa
Mmeshaondoa dawa, sasa mnataka na rangi yenyewe.

#61 Kipusa_wa_Arua
@Kereza_Tororo tundu la kibati ni la milimita ngapi? Hujasema.

#62 Kereza_Tororo
5.5. Ndiyo biti iliyokuwepo. Nimeondoa makali kidogo kwa mkono.

#63 MzeeWaReli
Lo. Chora pembetatu. Goroli 6.35, tundu 5.5. Kati ya vibati inabaki nafasi ya milimita tatu na robo.

#64 Hesabu_Tu
Kasoro kidogo, mzee. Nusu ya 6.35 ni 3.175, nusu ya 5.5 ni 2.75. Kipeo cha pili toa kipeo cha pili, kipeuo chake ni 1.59, mara mbili ni 3.17. Na kijiti chake ni milimita 3! Kila upande kimebaki na 0.08. Alivyoondoa makali kwa mkono, imepungua zaidi.

#65 MzeeWaReli
Ndiyo hapo. Kijiti kinagusa kibati. Mkono ukiwa umenyooka, kijiti kinakuwa nyenzo, kinapanua vibati, goroli inapumua. Kwa tundu la 5 nafasi ingekuwa 3.9, tatizo lisingekuwepo. Au akereze shingo ya kijiti iwe milimita 2 pale karibu na goroli. Hata kwa drili iliyobanwa kwenye jiliwa na tupa, inafanyika.

#66 FundiWaKatwe
Shingo ya milimita 2 yenye uzi ndani ya goroli itakatika. Atoboe vibati vipya. Vya CHUMA.

#67 Msasa
Katwe na chuma chake.

#68 Kereza_Tororo
Nimerudi. Niliosha zote kwa asetoni, nikabadilisha vibati vya kulia na kushoto, nikamwacha bibi na kikoyi tu. Alama ya rangi haijahama. Mkono wa kulia umeshuka, ila kidogo, kama milimita moja. Wa kushoto, ambao haukuwa na shida, sasa nao umeshuka kiasi hicho hicho.

#69 InjiniaBoda
Grisi ilikuwa sehemu kubwa. Tatu hadi moja!

#70 Nnalongo_Cherehani
Grisi gani? Nguo imevuliwa, imepungua. Niambie umvishe tena na asetoni yako ile ile, halafu tuone.

#71 FundiWaKatwe
Wa kushoto umeshuka kwa sababu umepewa vibati vilivyokwisha kunjwa upande wa kulia. Kesi imefungwa.

#72 Kipusa_wa_Arua
Na huo usiku ulikuwa wa mvua Tororo, nimeona. Baridi kuliko kawaida.

#73 MzeeWaReli
Umefungua na kufunga upya vyote viwili, vilima vimeanza kulala upya pande zote mbili. Kaza tena robo zamu usiku wa leo kabla hujabishana na mtu.

#74 Hesabu_Tu
Ndugu yetu amebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, kila mtu hapa ameshinda. Kereza, badilisha kimoja kimoja.

#75 Kereza_Tororo
Mwalimu, tamasha la shule halinisubiri. Nimemwekea bibi kikaango cha kadibodi kilichopakwa rangi ya fedha, mkono sasa ni gramu 41. Jana haukushuka. Vibati vya tundu la 5 nitatoboa baadaye, nikipata shaba.

#76 Hesabu_Tu
Gramu. Nilisema mwanzo.

#77 FundiWaKatwe
Umekimbia ugonjwa, hujautibu.

#78 Kitoto_cha_Busia
Samahani kwa kuingilia, mimi naanza. Vidole vya mkono navyo mnaweka goroli?

#79 Kipusa_wa_Arua
Hapana, vidole ni waya mwembamba uliosokotwa, umelehemiwa au kugundishwa kwenye kibati cha kiganja. Weka kiganja kwa skrubu ili ukikatika kidole ubadilishe mkono tu. Tengeneza mikono ya akiba mapema.

#80 Kitoto_cha_Busia
Ahsante dada. Na miguu inasimamaje bila kuanguka?

#81 Mwanza_Kwetu
Nati ya M4 ndani ya unyayo, matundu mezani, bolti inatoka chini ya meza. Ukipiga hatua unafungua moja unafunga nyingine. Sumaku zipo, lakini kikaragosi cha chuma ni kizito, zinateleza. Matundu yaliyobaki wazi unaziba kwa udongo wa rangi ya sakafu kabla hujapiga fremu.